Ghala Lilipojibu "Hakuna"

Ndugu zangu, palikuwa na mtafiti mmoja wa virusi. Kazi yake ilikuwa kupokea damu ya wagonjwa wa homa na kusoma mpangilio wa herufi ambao kila kirusi hubeba ndani yake, kama mtu abebavyo ukoo wake.

Na liko ghala mtandaoni, halina kufuli. Yeyote aliyesoma kirusi, awe wa hapa au wa ng'ambo, huweka mpangilio wake humo. Na yeyote mwenye kirusi asichokijua hukilinganisha na vilivyomo, bure.

Siku moja mtafiti akalinganisha kirusi cha mgonjwa wake. Hakikuwamo. Kipya kabisa! Alishangilia hadi akamwaga chai.

Mwenzake wa maabara akamwambia, "Hongera, kaka. Basi kiweke ghalani, wengine wajihadhari."

"Nikiweke? Ili wakubwa wa ng'ambo waandike makala kesho, mimi nishukuriwe chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi? Acha kwanza makala yangu itoke."

"Na homa nayo itaisubiri makala yako?"

"Dada, wewe hujawahi kuporwa."

Tusimcheke upesi. Kuporwa kupo, na kunauma. Lakini nijibuni: alijuaje kwamba kirusi chake ni kipya? Si kwa kukipima na vya watu wasiomjua, waliotoa vyao? Alikula sinia moja na wote. Mnofu ulipomwangukia, akageukia ukutani.

Wiki zikapita. Mdogo wake wa kike, muuguzi katika hospitali ya wilaya ya mbali, akampigia simu.

"Shikamoo, kaka. Tulipokea watoto wenye homa ya ajabu, tukawatenga. Damu yao ikapelekwa kusomwa, wakalinganisha kwenye lile ghala lenu. Jibu likaja: hakuna kinachofanana."

Mtafiti akakiweka chini kikombe chake cha chai.

"Basi daktari kasema pengine sampuli iliharibika njiani, tusiwatishe watu. Tumewarudisha wodini na watoto wengine."

"Nani anawahudumia?"

"Nani tena zaidi yangu? Mmoja halali mpaka nimbebe. Hata mimi leo kichwa kinanigonga, ni uchovu tu... Kaka? Upo?"

Mtafiti akafungua kompyuta, akakiweka kirusi ghalani palepale. Chai yake haikupata hata kupoa. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo!

Naona mnavyonitazama. Mnataka niwaambie yule muuguzi alipona. Siwaambii. Mnataka apone ili mwende nyumbani mmetulia, na mimi sikuja kuwatuliza.

Ghala halikusema uongo, wapendwa. Lilijibu kwa kile lilichopewa. Ile "hakuna" aliyoisoma muuguzi, aliyeiandika ni kaka yake mwenyewe, kwa kunyamaza.

Na sisi je? Sisi tuliosoma kwa maswali na majibu ya mitihani tuliyoachiwa na waliotutangulia, halafu tunayafungia ya kwetu kabatini? Sisi tunaojua kisima kipi cha hosteli kina maji machafu, lakini tunangoja siku ya kampeni za uchaguzi wa wanafunzi ndipo tuseme? Tunaupenda ukweli, ndiyo, ila tunataka utoke ukiwa umevaa jina letu.

Kwa hiyo msiseme amina bado. Kwanza tujiulize, kila mtu na nafsi yake: ni nani leo anayetafuta na kuambiwa hakuna, wakati jibu limo mfukoni mwangu?