Wavu wa Dhahabu na Ndoo ya Kwanza

Wa kwanza kumwambia Nkwimba habari ya maji alikuwa wifi yake, Kabula. Alimwambia huku akimimina chai, na chai ikamwagika mezani badala ya kuingia kikombeni.

"Wifi, umeiona mikono yangu inavyotetemeka?"

"Labda umelala vibaya."

"Mwezi mzima nalala vibaya? Na mama yake fundi Mhoja naye analala vibaya? Na watoto wa darasa la tatu wasioweza kushika kalamu?" Kabula akacheka, lakini si kicheko chake cha siku zote. "Ni maji, mama Ngasa. Kule juu wanaosha dhahabu kwa zebaki, sisi tunakunywa huku chini. Ila hatujui iko kwenye maji yapi."

Nkwimba akamtazama mwanawe Ngasa, wa miezi saba. Asubuhi hiyo alikuwa amemnywesha uji.

Sikilizeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, maana mwishoni sitawapa jibu. Nitawauliza.

Kijijini kwao Igunyangu kulikuwa na mahali pawili pa kuchota maji. Kulikuwa na kisima cha darajani, kirefu, kisichokauka. Na kulikuwa na chemchemi shambani kwa Bibi Limi, ndogo, ambayo usiku kucha ilijaza ndoo moja tu ya maji matulivu, na mchana ilitiririka kama chozi.

Kulikuwa pia na watu watatu wenye vipaji.

Fundi Mhoja alijua umeme. Redio iliyokufa miaka mitano ilifika kwake ikaimba.

Mwalimu Sayi alijua mwanga. Alifundisha kemia kwenye shule isiyo na maabara, na kwa kurunzi na kipande cha kioo aliwaonyesha wanafunzi mambo ambayo wengine huyaona vitabuni tu.

Nkwimba alijua dhahabu. Bibi yake mzaa mama alikuwa sonara, akamfundisha kuvuta waya mwembamba kuliko unywele. Hakuwa msemaji. Mteja akimsifu, aliinama akajifanya anatafuta koleo.

Mhoja ndiye aliyeanza. Alitumbukiza waya mbili kwenye glasi ya maji ya chemchemi, akaongeza umeme kidogo kidogo kwa kitufe cha sauti cha redio mbovu. Mshale wa mita ukaruka.

"Kuna kitu!"

"Kitu gani?" akauliza Mwalimu Sayi.

"Umeme hautaji jina, Mwalimu. Unasema tu kuna mtu mlangoni. Inaweza kuwa zebaki, inaweza kuwa chumvi."

Sayi naye akajaribu. Alipitisha mwanga wa kurunzi kwenye glasi, ukaangukia kipande alichong'oa kwenye kikokotoo cha jua, kinachopima mwanga. Haukupungua hata kidogo. "Zebaki ikiwa kidogo hivi haionekani majini," akasema. "Ingeonekana pale tu umeme wako unapoikusanya juu ya chuma. Lakini chuma kinaziba mwanga."

Nkwimba alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, amefuata redio yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Na chuma kikiwa na matundu?"

Wote wawili wakageuka.

"Naweza kufuma wavu," akasema, akiangalia miguu yake. "Wa dhahabu. Zebaki ikigusa dhahabu huing'ang'ania, huifanya nyeupe. Na mwanga utapita kwenye matundu."

"Umekuwa wapi siku zote, mama Ngasa?" Mhoja akapiga makofi kwa furaha.

"Nilikuwa nasubiri redio. Uliniambia kesho tangu mwezi uliopita."

Sasa, masonara wa upande ule wana desturi moja. Dhahabu ya machimboni imeoshwa kwa zebaki, kwa hiyo sonara huiyeyusha mara tatu, mlango wazi, mpaka ile zebaki yote itoke. Nkwimba alijua. Lakini siku ile Ngasa alilia, mkaa ukaisha, na watu walikuwa wakingoja. Akaiyeyusha mara moja tu.

Wavu ukatumbukizwa kwenye maji ya chemchemi. Kwa saa nzima umeme uliita zebaki ije kwenye wavu, kisha Mhoja akageuza waya ili iondoke, kurunzi ya Sayi ikimulika kupitia matundu. Kwa pigo moja mshale ukaruka na mwanga ukabadilika. Mambo mawili, wakati mmoja.

"Ni zebaki!" Sayi akatoka mbio kwenda kuutangazia mkutano wa kijiji.

Wavu ulikatika walipoutoa, na kisima cha darajani hakikupimwa. Lakini watu wakasema, kama chemchemi ni mbaya, basi kisima ni kizuri. Wakaizungushia chemchemi miiba. Siku tisa kijiji kizima kikanywa maji ya kisima.

Siku ya tisa Nkwimba alifungua kopo lake la kazi. Mabaki ya ile waya yalikuwa yamelala juu ya pete yake mwenyewe, na pale vilipogusana pete ilikuwa na doa jeupe kama maziwa. Akakaa chini. Zebaki ilikuwa kwenye dhahabu yake. Wavu wake ungesema zebaki hata kwenye maji ya mvua.

Akavua hereni zake. Bibi yake alimvisha alipozaliwa, dhahabu ya zamani, safi. Akaziyeyusha mara tatu. Akafuma wavu mpya, akaupeleka.

"Turudie," akasema.

"Kwa nini?" akauliza Mhoja.

"Ule wa kwanza ulikuwa mnene."

Hivyo ndivyo alivyosema.

Wakapima maji yote mawili. Chemchemi: mshale ukaruka kidogo, mwanga haukubadilika. Ni chumvi tu. Kisima cha darajani: mshale ukaruka, mwanga ukabadilika, kwa pigo moja. Kisima kikafungwa siku hiyohiyo. Kabula wakati huo hakuweza tena kufunga kanga yake mwenyewe.

Bibi Limi akawaita wote watatu. "Siku tisa mmeipakazia chemchemi yangu, leo mmelisafisha jina lake. Foleni itaanza alfajiri na kwisha adhuhuri, na wa mwisho watachota tope. Nitampa mmoja wenu ndoo ya kwanza, kila asubuhi. Mmoja. Wakiwa watatu, hiyo ni foleni nyingine."

Mhoja akasema, "Mimi nina mama kitandani. Bila umeme wangu, zebaki isingekuja kwenye wavu."

Sayi akasema, "Mimi nina watoto arobaini na wawili darasani. Bila mwanga wangu, msingejua jina la kilichomo majini."

Ngasa alikuwa akivuta sikio la Nkwimba, pale penye tundu lisilo na hereni.

Mhoja akaliona. Akakohoa. "Basi apewe mama Ngasa."

"Apewe," akasema Sayi. "Ametoa cha bibi yake."

"Hata mimi nimeyaona hayo masikio," akasema Bibi Limi. "Kesho lete ndoo, binti."

Nyumbani Kabula alimkumbatia kwa mikono inayotetemeka. "Wifi yangu mimi! Umetuokoa." Nkwimba akaisukuma pembeni sahani yake ya ugali.

Asubuhi iliyofuata alifika chemchemini na ndoo yake. Mhoja na Sayi walikuwa tayari kwenye foleni na ndoo zao, Bibi Limi ameshika kata ya kuchotea maji. Nkwimba hakuitega ndoo. Alitoa kopo, akawaonyesha pete yenye doa jeupe, akasema yote: mkaa ulioisha, kuyeyusha mara moja badala ya tatu, siku tisa, na uongo ule wa wavu mnene.

Mhoja akasema taratibu, "Mama yangu alikunywa siku zote tisa." Kisha akainamisha kichwa. "Lakini mshale uliporuka nilifurahi tu kwamba mashine inafanya kazi. Sikuuliza kitu."

Sayi akasema, "Na mimi nilipaswa kupima maji ya mvua kwanza. Nawafundisha watoto hivyo kila mwaka. Siku ile nilikimbilia mkutano."

Bibi Limi akaichovya kata majini, ikajaa, akaishika hewani. Nkwimba akaiweka ndoo yake tupu chini, sawasawa na zile mbili, akarudi nyuma hatua tatu, akambeba Ngasa kifuani na kusubiri.

Haya basi, wenzangu. Kata imejaa na mkono wa Bibi Limi unachoka. Kama mkono huo ungekuwa wako, ungemimina kwenye ndoo ya nani?