Waliomlea Mtoto wa Mbwa wa Kinuni

Desturi yetu ni kwamba anayeshindwa kitendawili hutoa mji, akapewa jibu, watu wakacheka, kikategwa kingine. Mimi nimetoa miji mingi kwa njia hiyo na sijutii hata mmoja. Lakini kipo kimoja nilichotegewa zamani ambacho mji haukinunui, kwa sababu hata aliyenitegea hakuwa na jibu lake. Nimekizungusha moyoni, nimekipeleka kwa watu wanaonizidi akili, nao wamenirudishia. Leo nakileta kwenu. Sikilizeni taratibu, wala msiharakishe kuchagua upande, maana kila niliyemwona akichagua upesi alibadilika upesi.

Juu katika milima ya Usambara palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na kwa ajili yake watu wakapaita mahali pale Kinuni. Misumeno ilipokuwa ikilia, Kinuni palikuwa na nyumba nyingi, duka, na hata timu ya mpira. Kisha magogo yakaadimika. Siku moja wafanyakazi wakakusanywa wakaambiwa wanakwenda likizo, na kwamba wataitwa. Hawakuitwa. Mmoja mmoja wakafunga mizigo, ukungu ukaanza kuingia katika nyumba zisizo na wenyewe, na mwishowe wakabaki watu watatu, kila mmoja kilimani kwake. Walijuliana hali kwa moshi. Ukiona moshi wa jiko la mwenzako umejua yu hai, basi, salamu imetosha.

Wa kwanza alikuwa Mzee Hemedi Shebughe, mfuga mbuzi. Kipaji chake kilikuwa kutazama. Angemkalia mnyama kimya, akamtazama, mpaka akajua anachotaka. Mkewe alikuwa amefariki na watoto wameteremka mijini. Alikuwa mtu wa sala tano, na mbwa hakuwa mnyama wa kuingia kwake.

Wa pili alikuwa Bi. Eufrasia Komba, aliyekuja kutoka upande wa Songea na mume mpasua mbao. Mume alikwenda kutafuta kazi kwingine, akasema atatuma neno. Kipaji cha Bi. Eufrasia kilikuwa subira. Jambo moja angelirudia na kulirudia, na mara ya mwisho mkono wake ukawa mpole kama mara ya kwanza.

Wa tatu alikuwa Fundi Mndolwa, aliyekuwa mnoa misumeno. Kipaji chake hakikuwa cha kupendwa na watu. Alijua wakati wa kuacha. Msumeno usiponolewa vya kutosha haukati, na ukinolewa kupita kiasi unaliwa meno. Yeye alijua ni lini ainue tupa yake ya kunolea. Hakuoa, na wengi walisema hata huko aliinua tupa mapema mno.

Sasa, siku moja ya manyunyu, Bi. Eufrasia alikwenda kuchota maranda ya jiko lake kwenye lundo la zamani nyuma ya kiwanda. Maranda yaliyorundikana muda mrefu huwa na joto tumboni mwake. Alipochimba akasikia sauti nyembamba kama ya kifaranga, akakuta gunia. Ndani yake watoto wa mbwa walikuwa wamekufa wote, ila mmoja aliyelala upande wa chini, penye joto. Macho yalikuwa bado yamefumba. Alienea katika kiganja, na kiganja kikabaki na nafasi. Nani aliyewatupa hakujulikana, nami simhukumu. Huenda naye alikuwa na nyumba isiyotosha.

Bi. Eufrasia akamtia kifuani ndani ya kanga, akapanda kilima cha Mzee Shebughe kuomba maziwa. Hakuwa amepanda njia ile tangu msiba wa mke wa mzee.

Mzee alitoka, akasimama mbali kidogo, akatazama kile kilichokuwa kikijinyonganyonga kwenye kanga. Akamkumbusha kwamba yeye na mbwa hawakai pamoja. Halafu akaingia bandani, akamkamua mbuzi mmoja, akaweka maziwa ndani ya kikombe juu ya ukuta wa mawe, akarudi nyuma ili mwenzake asogee kuchukua. Bi. Eufrasia aliponyoosha mkono kutaka kumnywesha papo hapo, mzee akamzuia. Alimweleza kwamba mwana-mbuzi aliyepigwa na baridi ukimnywesha anakufa na maziwa tumboni. Mpashe moto kwanza, atafute ziwa mwenyewe, ndipo umpe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kazi ya Mzee Shebughe. Kila asubuhi, kabla hajakunywa chai yake, aliweka kikombe juu ya ukuta. Mwana wa yule mbuzi alinyimwa chuchu moja ili mgeni apate. Na kila asubuhi mzee alibaki amesimama pale uani mpaka Bi. Eufrasia amalize kueleza jinsi mtoto alivyolala. Alisema anasubiri kikombe.

Kazi ya Bi. Eufrasia ilikuwa kunywesha, na hiyo haikuwa na asubuhi wala jioni, maana tumbo la mtoto wa mbwa ni dogo kama njugu; likijaa sasa, baada ya muda si mrefu li tupu. Alichukua kichupa cha dawa, akakivika kipande cha mpira wa vali ya baiskeli, kikawa titi. Mwanzoni alimpakata kama binadamu, chali, kichwa juu ya mkono. Maziwa yakamtokea puani, akakohoa, akalegea. Alikimbia naye mpaka ukutani akilia. Mzee Shebughe akatazama anavyompakata, akatikisa kichwa.

“Umeona wapi mbuzi ananyonya chali, Mama? Hapo unanyonyesha au unazamisha?”

Bi. Eufrasia akamgeuza kifudifudi, miguu chini, shingo imenyooka, na maziwa yakapita. Tumbo lilipovimba kama ngoma kwa sababu mtoto hakujua kukojoa mwenyewe, mzee alikumbusha kwamba mama mbuzi hulamba, basi Bi. Eufrasia akawa anampangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mahali ambapo mama angelamba. Akampangusa, akampasha moto, akamnywesha, akampangusa tena. Macho yakafumbuka. Kitu cha kwanza yalichokiona macho yale kilikuwa uso wake, na Bi. Eufrasia, ambaye siku nyingi hakuwa ametazamwa na mtu kwa karibu, aliona haya kama msichana.

Wakati fulani homa ilimwangusha mama huyo. Mzee Shebughe aliona ukuta hauna mtu na moshi haupo, akateremka. Alimkuta Bi. Eufrasia akitetemeka kitandani na mtoto akilia kapuni. Mzee alisimama mlangoni kwa kitambo. Kisha akaketi, akamweka mtoto mapajani, akamnywesha. Alimaliza amelowa mate ya mbwa mikononi na kanzuni, akateremka mtoni, akajiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yake inavyotaka. Akarudi tena mtoto alipolia. Akateremka tena mtoni. Ikawa hivyo mpaka homa ilipopoa, na maji ya mto ule ni baridi kweli.

Mtoto akakua. Meno yakaota, madogo na makali kama vipande vya chupa. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa maana hakutaka kingine chochote ila kile kichupa. Ukimwekea uji anageuza uso. Bi. Eufrasia alisema bado mdogo. Wakati huohuo mbuzi wa Mzee Shebughe alikuwa amepandwa tena, maziwa yakipungua. Kikombe kikaja nusu, kisha robo. Mbavu za mtoto zikaanza kuonekana. Bi. Eufrasia akaongeza maji kwenye maziwa, akasema bado mdogo.

Fundi Mndolwa alikuwa akiyaona haya yote kutoka kilimani kwake, na hakuwa ameulizwa neno. Siku moja akaja, akamtazama mtoto, akamwinua kwa ngozi ya shingo, akasema anakwenda naye.

“Dada Eufrasia, huyu anakufa kwa kupendwa. Lazima alikizwe, aachishwe ziwa.”

Bi. Eufrasia alimwambia kwamba siku alizokuwa akinoa misumeno alinoa na moyo wake pamoja. Fundi akampakata mtoto, akaenda zake.

Kwake alikoroga uji mwepesi wa mahindi, akautia dagaa waliotwangwa mpaka wakawa unga, akaumimina katika kifuniko cha sufuria. Mtoto akaukanyaga, akaulalia, akalia. Alilia kilio cha kutafuta kile kichupa, na Kinuni hakuna kelele nyingine ya kukifunika kilio. Bi. Eufrasia alikuja akasimama njiani, mikono kichwani. Mzee Shebughe naye alisimama kwenye ukuta wake. Fundi Mndolwa aliwaona wote wawili na hakuinuka. Alichovya kidole katika uji, mtoto akakinyonya. Akachovya tena, akakishusha kidogo. Mtoto akafuata. Akakishusha tena, na kila aliposhusha mtoto alikataa na kulia upya, naye aliketi palepale asimpe alichokililia. Mwishowe kidole kiligusa uji, na ulimi ukagusa uji, na fundi akakiondoa kidole polepole. Mtoto hakutambua kwamba kimeondoka. Alikuwa anakula.

Bi. Eufrasia alipoingia, alimkuta fundi ameketi sakafuni, uso umelowa.

“Walipotufungia kiwanda walituambia tunakwenda likizo,” alisema fundi. “Nimeliwaza sana neno lile. Likizo, kulikiza. Walitutoa kwenye ziwa, Dada, ila hawakutuwekea uji.”

Mtoto akanona. Akawa mbwa mdogo mwenye miguu mirefu, anakula chochote, anakimbia vilima vyote vitatu. Na kwa kuwa alikula chochote, kikombe hakikuwekwa tena ukutani. Bi. Eufrasia hakuwa na sababu ya kupanda asubuhi. Mzee Shebughe alikunywa chai mapema, kama zamani. Fundi Mndolwa alifanya kazi iliyomaliza kazi ya wenziwe, nao hawakumlaumu wala hawakumshukuru. Mioshi mitatu ikarudi kupanda, kila mmoja peke yake.

Ndipo likaja swali la mahali pa kulala mbwa, maana mbwa hulala mahali pamoja tu. Kila mmoja alimtaka, na hakuna aliyemtaka kwa ajili ya ulinzi; nani aje kuiba Kinuni? Walitaka kusikia mtu akipumua chumbani. Wakaanza kuvutana, kwanza kwa mzaha, kisha kwa vineno, kisha kwa kutosalimiana. Hatimaye wakateremka bondeni kwa balozi wao wa nyumba kumi, Mama Kihiyo, mbwa akiwafuata nyuma, akimgusa huyu kisigino, huyu kisigino.

Mama Kihiyo aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine. Mzee Shebughe alisema: bila maziwa yangu asingeona kesho yake, na nilichokitoa nilikitoa katika kinywa cha mbuzi wangu na katika udhu wangu. Bi. Eufrasia alisema: maziwa yangekaa kikombeni mpaka yagande, mimi ndiye niliyemtoa marandani, naye ananijua mimi kuwa mama. Fundi Mndolwa alisema kwa ufupi kwamba bila yeye wangekuwa wamekwishamzika, wakamlilia vizuri sana.

Balozi akafikiri, akadhani amepata njia. Akawaambia kwamba kwa kuwa wanagombana, atambakiza mbwa palepale bondeni, akae na wajukuu zake, na wao warudi mikono mitupu. Alitaka kuona nani ataumia zaidi, ampe huyo.

Kisha Bi. Eufrasia akasema, kama ni hivyo, apewe Mzee Shebughe, ana siku nyingi hajasikia mtu ndani. Mzee Shebughe akasema hapana, apewe fundi, yule hata kaburi la kuzuru hana. Fundi Mndolwa akasema ampe Dada Eufrasia, maana yeye, fundi, amezoea. Wakaanza kubishana upya, safari hii kila mmoja akimsukumia mwenzake, kwa hasira ileile, na Mama Kihiyo akashika tama. Alikuwa na shauri moja, akabaki na matatu.

Aliamua hivi: kwamba yeye hana hekima ya kuwapima watu hawa, na mpaka atokee mwenye hekima hiyo, mbwa asiwe wa mtu. Atalala katika kibanda kilichoachwa cha mlinzi wa kiwanda, pale njia panda ya Kinuni, umbali uleule kutoka nyumba zote tatu. Kila mmoja atampelekea chakula kwa zamu, na mtu asimfungulie mlango wake usiku, ili haki isiharibike.

Likabaki la kumpeleka na kumfungia. Bi. Eufrasia alisema miguu yake haitamfikisha. Fundi Mndolwa akasema amekwisha kumlikiza mara moja, wasimtume mara ya pili. Aliyeinama akambeba ni Mzee Shebughe. Alimbeba kifuani njia yote ya kupanda, mbwa akimlamba shingo, akamtia kibandani, akafunga komeo, akateremka mtoni kuoga.

Mbwa akaanza kulia, na kilio kikafika nyumba zote tatu kwa kipimo kimoja. Haki ilikuwa imetendeka kwa kila mmoja, isipokuwa kwa yule anayelia.

Haya, ninyi mlioketi hapa: yupo aliyetoa maziwa, yupo aliyeyanywesha, yupo aliyeyaachisha. Komeo lile linangoja neno lenu. Mlango wa nani mngeufungua?