Ndama Aliyeahidiwa Juu ya Jiwe

Hapo zamani, mashine za unga zikiwa bado hazijafika Ugogo, alikuwepo mjane akiitwa Mbeleje. Nyie mliokaa nyuma, acheni kunong'ona! Swali la mwisho ni lenu, mtajibu nini kama hamkusikiliza?

Mbeleje alikuwa na shamba dogo la mtama, jiwe la kusagia, na ng'ombe mmoja tu, Tulizo, mwenye mimba kubwa. Aliishi na mkwewe, Nyemo, mke wa mwanawe. Mtoto wa Nyemo alikuwa ameachishwa ziwa, na nyumba nzima ilimngoja Tulizo azae ili mtoto apate maziwa.

Asubuhi moja Nyemo alianika mtama juu ya ngozi, ukauke usagwe. Akaenda kisimani bila kufunga zizi. Lahaula! Tulizo akatoka, akaufakamia mtama wote, akashushia na maji. Nyemo anarudi, anakuta tumbo la ng'ombe limevimba kama ngoma na miguu inatetemeka. Akapiga ukelele.

Mbeleje alikuwa ndani anasaga. Alichungulia mlangoni, akaona, moyo ukampasuka. Akarudi, akalishika jiwe la kusagia kwa mikono miwili. Kwa watu wa kule, neno ulilosema umeshika jiwe hulirudishi, hata ulie machozi ya damu. Akapaza sauti: "Atakayemponya Tulizo wangu, ndama aliye tumboni ni wake!"

Lesilwa, mchungaji wa ng'ombe wa watu pale kijijini, alikuwa akipita. Akakata kijiti, akakifunga mdomoni mwa Tulizo kama hatamu. Ng'ombe akatafuna, akatafuna, upepo ukaanza kutoka. Tumbo likapungua, likakwama.

Jirani yao Matika akaja mbio na kibuyu cha samli. Alikuwa amemwekea binti yake aliyekaribia kujifungua, na hakuwa na nyingine. Akaimimina yote kooni mwa ng'ombe. Tumbo likanguruma, likapungua tena, likakwama. Tulizo akapiga magoti.

"Akilala tu, basi tena!" alisema Lesilwa.

Nyemo akaikamata kamba. Akamvuta Tulizo, akampandisha kilima, akamshusha, akampandisha, akamshusha, jua la utosi, nyayo zikachubuka. Jioni Tulizo akabeua beuo moja, jamani, mbuzi wa jirani wakakimbia! Tumbo likalala. Mbeleje akacheka huku analia.

Tulizo akazaa ndama jike, mwekundu, mzima kabisa. Maziwa yakapatikana, mtoto akanenepa mashavu. Ndipo siku ya ahadi ikafika.

"Mama," alisema Lesilwa, "tangu utotoni nachunga ng'ombe wa watu. Sijawahi kumwita hata mmoja wangu. Bila kijiti changu, Tulizo asingeiwahi hiyo samli."

"Kijiti kinaokotwa popote," alisema Matika. "Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Binti yangu alijifungua bila hata tone la samli. Umenisikia nikilalamika?"

Nyemo aliinama. "Mama, mimi ndiye niliyeacha zizi wazi. Sidai kitu."

Basi Lesilwa huyo huyo akasema, "Haki isemwe. Ulimtembeza sisi tumekaa kivulini tunangoja afe."

"Weee!" Matika akadakia. "Akipewa mkwe, ahadi imetokea mlango wa mbele ikarudia wa uani. Ndama si atalala zizi lile lile?"

Moyo wa Mbeleje ulimvuta kwa Nyemo, na kwa kuwa ulimvuta, aliogopa kuufuata. Aliwatazama na majirani zake wawili, akaona kuwa anawapenda, na hakutaka hata mmoja aondoke na kinyongo.

"Kwanza tuleni," alisema.

Walikula ugali sahani moja, wakamcheka Tulizo na beuo lake mpaka Matika akapaliwa. Walipokwisha kunawa, Mbeleje alikwenda zizini, akamfungua ndama, akarudi ameishika kamba mkononi. Wote watatu wakasimama.

Haya, wenzangu. Msiniambie wamfuge pamoja, ahadi ilikuwa ya mtu mmoja. Msiniambie wangoje ndama wa pili, wa pili hakuahidiwa. Mkono wa Mbeleje umeshanyooka, na kamba ni moja. Je, amkabidhi nani?