Chanjo Iliyowekwa Jikoni

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjane aliyefuga kuku sabini, na kuku hao ndio waliokuwa wakisomesha wanawe. Mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ulipoingia kijiji cha pili, alikwenda mjini akanunua chanjo kwa bwana mifugo, kichupa kidogo cha kudondoshea kuku machoni. Aliambiwa aiweke penye baridi. Yeye akaiweka jikoni juu ya kabati, akisubiri apate nafasi. Siku ya tano akawachanja wote kabla jua halijakaza, bila kumwaga hata tone. Alijisikia vizuri. Nani mwingine pale kijijini angemaliza kazi hiyo upesi vile?

Wiki mbili baadaye kuku wakaanza kupinda shingo. Walibaki watatu.

Mama yule hakulia. Alikichukua kichupa kitupu, akaenda kukiweka mezani kwa yule bwana mifugo.

"Dawa hii ni ya uongo," alisema. "Niliwachanja wote, sikumruka hata mmoja."

"Mama, mwenzako wa ng'ambo ya mto alichukua kutoka boksi hilihili, na kuku wake wazima. Wewe uliiweka wapi?"

"Jikoni."

"Karibu na moto?"

Moyoni aliona aibu, lakini hakutafuta maneno ya kujitetea. "Karibu na moto," akasema.

"Basi iliwaingia kuku ikiwa imeshakufa."

"Nyingine inakuja lini?"

"Alhamisi."

Alhamisi asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, na chupa ya chai iliyojaa barafu. Siku hiyohiyo aliwachanja wale watatu, akaanza upya.

Ndugu zangu, tusichanganye mambo. Nguvu iliyomo ndani ya dawa ni jambo moja. Wepesi wa mkono ni jambo jingine. Kuku kubaki hai bandani ni jambo la tatu. Mama yule alinunua dawa yenye nguvu, akafanya kazi upesi, na bado akazika kuku sitini na saba.

Na sisi je? Tunasoma sura tatu kwa dakika kumi, ibada inakwisha kwa wakati, kisha tunanung'unika kwamba Neno halitubadilishi. Tukitoka hapa tunaliweka wapi? Si palepale penye hasira zetu na vinyongo vyetu?

Humu ndani yumo mtu ambaye hajasemezana na ndugu yake tangu Pasaka. Wewe unajijua. Usinisubiri mlangoni unipe mkono. Nenda kwake sasa hivi, kabla hujala chakula cha mchana.