Ufunguo wa Bwawa la Bi Mwanjaa

Hapo zamani, watoto wangu, wala si zamani ya mbali sana, palikuwa na nyumba ya wageni kule Korogwe, mali ya mama mmoja aliyeitwa Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa alichimba bwawa la kuogelea, akalizungushia ua wenye mlango wa kufuli upande wa wageni, akalijaza maji ya kisima. Mwanzo yaling'aa. Kisha yakafifia. Kisha yakawa ya kijani kama mlenda.

Na Jumamosi palikuwa na harusi. Wageni walikuwa wamesema wazi kwamba wakikuta bwawa chafu, watahamia nyumba ya ng'ambo ya barabara.

Bi Mwanjaa akawaita wafanyakazi wake. "Atakayeyatakasa maji haya, ufunguo wa bwawa ni wake. Atakaa kivulini awaangalie waogeleaji, na kazi yake ya sasa nitampa mwingine."

Basi kila mmoja akautamani ufunguo ule. Kibibi, dobi, alikuwa amechoka na mashuka. Shemdoe, mpishi, alikuwa amechoka na moshi. Mbelwa, mlinzi wa geti ambaye pia alinyoa watu, alikuwa amechoka na jua.

Fundi aliyejenga bwawa alikuwa amewaachia kopo la klorini na vikaratasi vya kupimia maji, akawaambia wapime, watie kidogo, wasubiri. Hakuna aliyesubiri.

Kibibi alikwenda wenzake walipokuwa wakila. Kwa dobi, doa ni la kuwahiwa, kwa hiyo akamimina kopo zima. Ukijani ukatoweka. Lakini maji ya kisima kile yalikuwa na chuma, na chuma kikikutana na klorini hugeuka kutu. Bwawa likawa chai ya rangi. Kibibi akarudi kwenye mashuka yake, akaanza kufua yaliyokwisha kufuliwa.

Shemdoe akaja, akaiona chai. Akachovya kikaratasi, kikaonyesha kwamba maji yana asidi nyingi. Akacheka, maana kwa mpishi hata maharage yaliyogoma kuiva yana dawa moja. Akamwaga gunia la magadi. Asidi ikaisha, lakini kutu ikaganda, bwawa likawa uji wa ulezi. Shemdoe akarudi jikoni kabla hajaonekana.

Mbelwa akaja, akauona uji. Akakumbuka kwao Handeni, jinsi bibi yake alivyotuliza maji ya tope kwa jiwe la shabu. Akatoa shabu yake yote, akiba ya kupaka videvu vya wateja akishawanyoa, akaisaga, akaikoroga kwa fagio refu.

Kulipokucha, tope lote lilikuwa limelala chini. Wakalifyonza kwa mpira wa maji, wote watatu, kila mmoja akishangaa kwa nini wenzake wana bidii hivyo.

Fundi akaja, akapima, kikaratasi kikatoa rangi inayotakiwa. Akauliza wametia nini, na hapo ndipo siri zote zilipotoka. Fundi akashika kiuno. Akawaambia kwamba bila klorini chuma kingejificha majini, bila magadi shabu isingeshika tope, na bila shabu watu wangeogelea kwenye uji.

"Basi ufunguo ni wangu," akasema Kibibi. "Mimi nilianza, ninyi mkitafuna. Ningeogopa, leo mngekuwa mnafuga vyura."

"Ulianza kuharibu, dada yangu," akasema Shemdoe. "Ulitupikia chai isiyo na sukari. Mimi peke yangu ndiye niliyepima kabla ya kutia."

"Ulipima maji, kaka, gunia hukulipima," akasema Mbelwa. "Tena ninyi mlitia vya Bi Mwanjaa. Mimi nimetia shabu yangu mwenyewe, na sasa sina cha kuwapaka wateja. Nikikosa ufunguo, nabaki na geti tu."

Honi ikalia nje. Wageni wa harusi walikuwa wamefika, na bwawa lilikuwa bado limefungwa. Bi Mwanjaa akasimama na ufunguo mmoja mbele ya mikono mitatu.

Haya, watoto wangu, msijibu kwa haraka, wala msimchague anayewachekesha zaidi. Mngekuwa ninyi ndio Bi Mwanjaa, ufunguo mngeuweka katika mkono upi? Je, nani alistahili?