Kitabu Kwenye Lundo la Sufi

Mnaguna nini? Kinywa sijakifungua sawasawa, tayari nasikia mtu huko nyuma anasonya. Nimesema katika mahubiri ya leo nitazungumzia kitabu cha picha cha mtoto, basi nyuso zimekunjamana kama vile nimewaambia tumwombee paka. "Kitabu cha picha! Kina nini?" Haya, wewe uliyesema hivyo, umewahi kukaa na mtoto mkakifungua kimoja? Hujawahi. Ungekuwa umewahi, ungenyamaza. Kaeni vizuri. Anayenyonyesha anyonyeshe, anayesinzia asikorome. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mbishe.

Kulikuwa na bibi mmoja, mshonaji wa magodoro na mito ya sufi. Siku hizi mnalalia sponji, mmesahau. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, huja kwa magunia, na mbegu zake humohumo ndani. Mtu anakaa chini, anaichambua, anatoa mbegu, anaipigapiga kwa fimbo mpaka inavimba, halafu anaishindilia kwenye foronya na kushona mdomo. Nyumba nzima inakuwa nyeupe. Bibi huyo nywele zake zilikuwa nyeupe kabla ya kuwa na mvi. Mdomo wake ulikuwa mkali na mikono yake haikukosa kazi. Huruma alikuwa nayo, lakini aliiweka mahali ambapo hata yeye mwenyewe akiitafuta ilimchukua muda kuipata.

Binti yake alikufa kwa homa, akamwachia mjukuu wa kike, mdogo, bado wa kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Sasa mnajua tunavyofanya sisi kwenye msiba wenye mtoto mdogo. Mtoto anashikwa mkono, anapelekwa nyumba ya jirani asije akaona jeneza. Huko anapakuliwa wali na nyama, sahani yake peke yake, kama sikukuu. Akiuliza, anaambiwa: "Mama amesafiri." Ndivyo alivyofanyiwa huyo naye. Akala, akashiba, akarudishwa nyumbani na mafuta yakimng'aa mdomoni. Mama hayupo. Kitanda cha mama kimetolewa nje. Watu wamejaa kwenye mikeka, wanamtazama, na hakuna anayesema neno.

Tangu siku hiyo mtoto akaacha kula.

Si kwamba alikata chakula moja kwa moja, maana angekufa mapema. Alikuwa anameza tonge moja, mawili, tena akiwa amesimama, macho kwa bibi yake. Bibi akiinuka kwenda kumwaga majivu, mtoto anaacha sahani na kumfuata. Akiulizwa jambo, jibu lake ni kutikisa kichwa. Bibi akadhani ni ukaidi. Akampeleka zahanati, wakampima damu, wakampima choo, hana ugonjwa. Jirani, yuleyule wa wali, akaja na maarifa yake: "Mzibe pua umnyweshe uji kwa nguvu. Si ndivyo tulivyokuzwa sisi sote?" Bibi akamlaza mtoto mapajani, akamziba pua, akamnywesha. Uji ulikwenda wote na ukarudi wote, ukaishia kwenye foronya mpya ya mteja. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha bibi kuliko yote. Mtoto anazibwa pua, anamiminiwa uji, na hatoi hata chozi?

Mbavu zikaanza kuhesabika. Bibi alipomwogesha alikuwa akitazama pembeni. "Mmoja nimeshazika," akawa anajisemea. "Wa pili sitaki."

Ndipo akaja mwalimu wa chekechea, msichana mwembamba, mkoba begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta nini? Kama ni dawa, weka hapo. Kama ni pole, zimejaa ndani, sina pa kuziweka."

"Nimeleta kitabu, bibi."

Bibi akakipokea, akakifungua, akakigeuza juu chini. Mbuzi ukurasa wa kwanza, mbuzi ukurasa wa pili, mbuzi mpaka mwisho. Neno hata moja hakuna.

"Mwalimu, hiki hawajamaliza kukiandika."

"Kimekwisha, bibi. Ndivyo kilivyo. Maneno anayatia mwenyewe anayekitazama."

"Mtoto hali chakula, wewe unaniletea mbuzi wa karatasi! Ungeniletea mwenye nyama, nikamchemshia supu."

Mwalimu akacheka, hakukasirika. "Mpe tu akishike, bibi. Usimuulize maswali."

Usimuulize maswali! Kamwambie hivyo mtu aliyesomeshwa kwa fimbo mpaka darasa la saba. Mwalimu hajafika hata barabarani, bibi ameshamkalisha mtoto kwenye kigoda, ameshika ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, anaitumia kuonyesha kama mwalimu mbele ya ubao. "Huyu nani? Sema: mbuzi. Mbuzi ana miguu mingapi? Mbuzi anatupa nini? Sema: maziwa." Mtoto kimya. "Huyu je? Mbuzi mkubwa. Sema." Kimya.

Mnacheka? Ni nani humu ambaye hajafanya hivyo? Mtoto akishika picha tu, sisi tumeshaigeuza mtihani. Hatumwachi atazame mpaka yeye mwenyewe aone kitu. Tunataka ajibu ili wageni wasikie kwamba ana akili.

Bibi akachoka. Akakitupa kile kitabu juu ya lundo la sufi, akarudi kwenye mshono wake. "Haya, kaa na mbuzi wako," akasema, akampa mgongo.

Mtoto akapanda kwenye lundo, akazama nusu. Bibi akasikia karatasi zinafunuliwa. Hakugeuka, alikuwa na godoro la watu la kumaliza. Kisha akasikia mnong'ono.

"Wewe, mbuzi mdogo. Wewe."

Mkono wa bibi ukapunguza mwendo. Sauti hiyo hakuwa ameisikia tangu msibani. Halafu kofi likatua kwenye karatasi, pa!

"Acha kula! Acha kula wewe, inua kichwa! Mama anaondoka!"

Sindano ikasimama. Bibi akageuka polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege. Kwenye ukurasa uliofunuliwa mbuzi mdogo alikuwa ameinamia majani ya mahindi, anatafuna. Nyuma yake, kwenye uwazi wa ua, mbuzi mkubwa alikuwa anatoka, umebaki mkia tu. Bibi aliupita ukurasa huo akiulizia miguu. Mkia hakuuona.

"Kwa nini aache kula, mke mwenzangu?" akauliza. Sauti ilimtoka ndogo mpaka akaishangaa.

Mtoto hakumtazama. Maneno yake alikuwa anamwambia mbuzi. "Ukila, anasafiri. Mimi nilikula wali kwa jirani. Nikamaliza. Nikaomba na ukoko. Mama akasafiri." Akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Sasa nimebaki na bibi. Sili."

Mmesikia, au niseme tena? Ukoko! Mtoto wa umri ule alikuwa ameamini kwamba kipande cha ukoko ndicho kilichomwondoa mama yake, kwa sababu aliinamia sahani wakati alipotakiwa kutazama. Hakuwa mkaidi. Alikuwa kwenye zamu. Alikuwa anamlinda bibi asiondoke, kwa njaa yake mwenyewe, na sisi huko nje tunampima choo.

Mkono wa bibi ukaenda machoni. "Sufi imeniingia," akasema, kama alivyokuwa akisema kila siku tangu msiba. Kisha akaona mtoto anavyomtazama, akaelewa kwamba mtoto huyu hajawahi kuiamini sufi hiyo hata siku moja. Akaweka sindano chini. Akapanda naye kwenye lundo, mzee mzima, akazama mpaka kiunoni.

"Nitazame. Mama yako hakusafiri. Nilikudanganya, mimi na jirani na wote waliokaa mkekani. Mama amekufa. Homa ndiyo iliyomuua, na ilikuwa imeshamuua kabla hujapakuliwa huo wali. Ungekula sufuria nzima, ungekula na mwiko wake, ingekuwa vilevile."

"Hata ukoko?"

"Hata ukoko."

"Na hatarudi?"

Bibi aliwaza jibu lingine, akalitafuta kwa bidii, hakulipata. "Hatarudi," akasema.

Hapo ndipo mtoto akalia. Akalia kilio cha mtu mzima, cha kutoka tumboni, mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

"Unamfanya nini mtoto wa marehemu? Mnyamazishe! Mpe hata sukari!"

"Mwache alie, dada. Kilio hiki kilikuwa chake siku ya msiba. Tukampa wali badala yake."

Jirani akauweka mwiko chini. Akakaa kwenye gunia, naye akaanza kulia, maana marehemu alikuwa rafiki yake na naye siku ile alishinda jikoni akipika, hakupata nafasi.

Mtoto alilia mpaka zikabaki kwikwi. Sufi ilikuwa imemganda usoni kwa machozi, amekaa kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Akakivuta kitabu, akafunua mbele. Mbuzi mdogo yuko njiani, peke yake.

"Anakwenda wapi huyu?" bibi akauliza. Safari hii aliuliza kwa sababu hakujua.

"Kwa bibi yake."

"Mbuzi naye ana bibi?"

"Anaye. Ana ndevu."

Bibi akajishika kidevu, mahali ambapo uzee ulikuwa umemwotesha zake chache. Jirani akacheka katikati ya machozi, akapaliwa. "Na huyo bibi anafanya kazi gani?"

"Anashona mito. Ni mkali." Mtoto akafikiri kidogo. "Lakini hasafiri."

"Leo hasafiri," bibi akasema. "Leo yupo."

"Basi mbuzi ale?"

"Ale."

"Na mimi?"

Kulikuwa na ugali wa mchana, umepoa, na mchicha uliobaki. Mtoto akakaa chini, sahani mapajani, akamega. Akamega tena. Bibi akachukua ndoo isiyo na maji machafu yoyote, akatoka nayo nje kwa makusudi, akasimama nyuma ya nyumba, akingojea kusikia vile vishindo vya miguu vinavyomkimbilia kila siku. Hakuna. Akangoja tena. Hakuna. Akarudi mpaka mlangoni, akachungulia. Mtoto alikuwa amempa mgongo, anafuta sahani kwa tonge la mwisho, wala hakuinua kichwa.

 Bibi akakaa palepale kizingitini na ndoo yake tupu, akacheka peke yake kama mwehu.

Sasa njooni kwetu sisi.

Msiende huko mkasema nimewaambia kitabu huponya. Kitabu ni karatasi, mbuzi akikila anakimaliza. Lakini mtoto mdogo atakujaje kukwambia, "Bibi, naogopa, nadhani mimi ndiye niliyemuua mama"? Maneno hayo atayatoa wapi? Hana. Mimi na wewe wazima wenyewe hatunayo, ndiyo maana tunasema moshi, tunasema sufi, tunasema mafua. Hofu yake mwenyewe haisemeki. Hofu ya mbuzi anaiweza. Unampa mbuzi, anamwazimisha hofu yake, na wewe uliyekaa karibu ukiwa umenyamaza unaisikia.

Na mnasema watoto hawajui kitu. Wanajua nusu. Nusu iliyobaki wanaipika wenyewe, peke yao, bila mtu wa kuionja. Kichwa kilekile kilichomzulia mbuzi bibi mwenye ndevu ndicho kilichozua ukoko unaoua watu. Ni kichwa kimoja! Mungu ndiye aliyekiumba hivyo, kinazua usiku na mchana, wala hakiombi ruhusa yako. Ukimnyima mtoto picha, hadithi na mtu wa kukaa naye, hakiachi kuzua. Kinazulia gizani. Tunapiga magoti hapa tunamwomba Mungu aseme na watoto wetu, halafu nyumbani wao wakitaka kusema na sisi tunawapa sahani na kuwaambia fulani amesafiri. Mungu atusaidie, maana wenyewe tunajifanya wajanja.

Na ninyi wenye misiba ya karibu humu ndani, ninawaona, msiangalie chini. Mtoto wako hajachelewa. Yule naye alikuwa amebaki mbavu tupu, na jioni ileile aliomba kuongezwa mchicha. Nendeni mkawaambie ukweli. Watalia. Waacheni walie, kisha muwape chakula.

Basi. Watoto wenu wako chumba cha pili, wameketi chini na vitabu vyao. Naenda kukaa nao. Anayetaka kunifuata, aje, akae chini kama wao, asiseme mpaka mtoto aanze. Wengine endeleeni na soga zenu. Natoka, na mlango huu naufunga, maana kelele zenu zinafika mpaka kule.