Kiboko Aliyetaka Rekodi Zote

Paukwa?

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa kiwanja.

Kiwanjani kuna nani?

— Wakimbiaji.

Na nani kashinda?

— Tuambie wewe, nasi tutakubali tukipenda.

Haya basi. Zamani za kale wanyama wa nchi zote walikuwa na mashindano yao makubwa, yakiitwa Mashindano ya Mbuga Zote. Yalifanyika kila mwaka wa nne, masika yakiisha na njia zikikauka. Ngamia na Mbuni walitoka Jangwani, Sokwe alitoka Milimani, na Kobe alitoka Visiwani, naye ilimbidi aondoke kwao mapema kuliko wote. Walikutana kwenye uwanda wa Chemchemi, na hawakuja kutafuta makofi tu. Mshindi alipewa chemchemi yenyewe, aikalie mpaka mashindano mengine. Na sheria ilisema hivi: atakayeshinda mara tatu ataikalia milele, yeye na wanawe na wana wa wanawe.

Mara ya kwanza alishinda Kiboko. Mara ya pili alishinda Kiboko. Rekodi ndivyo zilivyosema.

Na rekodi alikuwa nazo Kasuku. Enzi hizo maandishi hayakuwapo. Kasuku alisikia, akashika, akasema. Siku ya ufunguzi alipanda juu ya kichuguu, akazitaja mbele ya wote, na alichokitaja Kasuku ndicho kilichokuwa.

Sasa, juu ya chemchemi palikuwa na jabali, na kwenye jabali aliishi Mama Pimbi na wanawe. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo wa mawe, mviringo kama andazi, hana mkia, hana mbio. Mama Pimbi alichokuwa nacho ni mashaka. Ukimwambia nje kuna jua, alitoka kwanza akaangalia. Ukimwamkia, aliitikia, kisha akabaki anajiuliza mbona leo umemwamkia.

Na sababu alikuwa nazo. Mashindano ya kwanza yalikuwa ya mieleka. Mama Pimbi alimwona kwa macho yake Kiboko akiwakaribisha wapinzani wake kwa matunda ya mng'ongo yaliyochacha. Kula, ndugu. Ongeza, ndugu. Saa ya mieleka ilipofika, wageni wote walikuwa wamelala chali, wanakoroma krrr, krrr, na Kiboko akawakanyaga mmoja mmoja. Mashindano ya pili yalikuwa ya mbio. Kiboko hakukimbia hata hatua. Alisimama penye mstari wa mwisho tangu asubuhi, anakula majani, nyam, nyam. Mbuni akaja mbio, puu, puu, puu, vumbi timtim, na vumbi lilipotua Kasuku akapaza sauti: "Aliyefika wa kwanza, Kiboko."

Wengine walinung'unika, kisha wakaenda zao. Mama Pimbi hakuwa na pa kwenda. Alibaki juu ya jabali anatazama chini. Kiboko alijitosa chemchemini, chubwi, akakaa katikati, akakoroga, akanya humohumo. Wengine walikunywa yaliyotiririka kutoka kwake, ya kijani na yenye harufu. Wana wa Pimbi hawakuyaweza. Asubuhi walilamba umande kwenye mawe, na jua likichomoza umande umekwisha. Midomo yao ilipasuka. Kitinda mimba alikuwa analia kutwa, halafu akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomtia mama yake hofu.

Mashindano ya tatu yalipokaribia, wageni wakaanza kuwasili. Mama Pimbi akamwendea Ngamia, aliyekuwa mwamuzi mkuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ngamia alikuwa anacheua.

"Mzee, zile rekodi zina kasoro. Kiboko hakushinda. Mimi nilikuwapo."

"Na Kasuku anasemaje?"

"Anasema alishinda."

"Basi alishinda. Rekodi ndiyo rekodi, mama. Tukianza kuichokonoa, tutaamkia wapi?"

"Na sheria, mzee?"

"Sheria nazijua zote." Ngamia akafumba macho, akazitaja huku anatafuna. "Aliyechelewa hachezi. Anayeuma hachezi. Mchezaji ana nchi moja. Akichezea mbili hana hata moja, na asiye na nchi hana chemchemi. Mshindi wa mara tatu..."

"Hapo nyuma kidogo, mzee. Asiye na nchi?"

"Hana chemchemi. Kwa nini?"

"Najifunza tu," alisema Mama Pimbi. Ngamia akafumbua jicho moja, akamtazama mpaka alipotokomea. Naye hakumwamini.

Kutoka hapo Mama Pimbi akashuka moja kwa moja hadi majini.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

Kiboko akatoa macho juu ya maji, macho tu. "Unataka maji."

"Sitaki maji, nataka habari. Watoto wananiuliza juu ya mashindano ya zamani, nami naogopa kuwadanganya."

"Mbona usimwulize Kasuku?"

"Kasuku husema anachoambiwa. Nikaona bora nije kwa anayemwambia."

Kiboko aliyageuza maneno yale huku, akayageuza huku. Yalikuwa na harufu fulani, lakini yalikuwa na utamu pia, na Kiboko hajapata kuutema utamu kwa ajili ya harufu. "Uliza," alisema.

"Lile Kombe la Jangwani la zamani. Wanasema aliyelichezea Jangwa akashinda mbio ni Mbuni. Kweli?"

Kiboko hajawahi kulisikia Kombe la Jangwani. Lakini jina la mwingine likikaa jirani na neno ushindi, yeye hakuvumilia. "Nani kasema Mbuni? Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyelichezea Jangwa?"

"Mimi."

"Nilidhani. Na Kombe la Visiwani? Wanasema aliyevichezea Visiwa akashinda kuogelea ni Kobe."

"Kobe? Ni mimi."

"Na Kombe la Milimani? Aliyeichezea Milima akashinda kukwea miti, wanasema ni Sokwe."

"Ni mimi."

"Hata kukwea miti, Bwana Mkubwa?"

"Mti uliinama," alisema Kiboko.

Mama Pimbi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ajabu yake, Kasuku hazitaji hizo. Huenda kuna mtu anamzuia. Siku ya ufunguzi dunia nzima itakuwapo, nao watadhani una mbili tu."

"Atazitaja," alisema Kiboko, akazama, bulubulubulu.

Jioni ile Mama Pimbi alimwona Kasuku ametua mgongoni kwa Kiboko, anapasua njugu, kwa-kwa-kwa. Sikio moja alikuwa amelilaza karibu na mdomo wa Kiboko.

Siku ya ufunguzi ikafika. Wanyama walijaa uwanda mzima, ngoma zikapigwa, vumbi likapanda. Ngamia akasimama penye kivuli. Kiboko akatoka majini, anang'aa, akasimama mbele. Kasuku akapanda kichuguu, akakohoa kidogo.

"Sikilizeni rekodi. Mashindano ya Mbuga Zote, ya kwanza: Kiboko. Mashindano ya Mbuga Zote, ya pili: Kiboko. Kombe la Jangwani, aliyelichezea Jangwa: Kiboko."

Ngamia akaacha kucheua. Amezaliwa Jangwani, amekulia Jangwani, na kombe hilo ndiyo kwanza analisikia.

"Kombe la Visiwani, aliyevichezea Visiwa: Kiboko. Kombe la Milimani, aliyeichezea Milima: Kiboko."

Sokwe akamtazama Kobe. Kobe akamtazama Sokwe. Mbuni akamtazama kila mtu, kwa kuwa ana shingo ya kufanya hivyo. Kila mmoja alishuku kuna jambo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka, maana Kiboko alikuwa karibu na kinywa chake kilikuwa wazi.

Mama Pimbi akapenya katikati ya miguu ya watu. Alijua Kiboko akigeuka vibaya tu, hapo wanawe ni mayatima. Hata hivyo akaenda.

"Mzee Ngamia, naomba kuuliza. Mimi ni mtu wa mawe, mambo haya siyaelewi. Kiboko anachezea nchi gani?"

"Chemchemi," alisema Kiboko.

"Na Jangwa? Na Visiwa? Na Milima? Kasuku ametaja sasa hivi."

Ngamia akashusha shingo polepole. "Swali ni zuri. Kiboko, mchezaji ana nchi moja. Akichezea mbili hana hata moja, na asiye na nchi hana chemchemi."

Kiboko akafunga kinywa. Akakifungua. "Huko sikwenda. Kasuku amekosea."

"Kumbe rekodi imekosea?"

"Imekosea."

"Kama imekosea kwa Jangwa," alisema Ngamia, "nitajuaje kuwa haikukosea kwa zile mbili za hapa? Rekodi ndiyo rekodi, Kiboko. Mdomo ni ule ule. Ama yote ni kweli, na wewe huna nchi. Ama yote ni uongo, na wewe hujashinda kitu. Chagua."

Kiboko akatazama maji. Akatazama kichuguu. Jasho jekundu lilimtoka mgongoni. Mama Pimbi alimwona anaelekea kuyachagua maji na kuzikana rekodi zote, na akili yake ikaruka haraka. Akiyachagua maji atabaki mchezaji, na akibaki mchezaji atapata njia nyingine ya mng'ongo.

"Mzee," alisema taratibu, "Kiboko ni mwungwana. Azikane hizo rekodi, yaishe. Lile la Jangwani apewe Mbuni, maana hata hivyo wengi walidhani ni lake."

"Asipewe mtu." Sauti ya Kiboko ilitikisa kichuguu, Kasuku akaanguka. "Mbuni asipewe, Kobe asipewe, Sokwe asipewe. Ni zangu. Zote ni zangu."

"Zote?" aliuliza Ngamia.

"Zote."

"Basi huna nchi."

Kiboko akageuka amponde Mama Pimbi, lakini Mama Pimbi alikwisha kuingia katika ufa wa jabali, fyu. Na wageni, waliokuwa kimya miaka yote, wakasogea pamoja, pembe kwa pembe, bega kwa bega. Kiboko akawatazama. Akaondoka na rekodi zake.

Mpaka leo hana nchi. Mchana yuko majini, usiku yuko nchi kavu, na kokote aliko ni mgeni. Mkipita mtoni mtamsikia anazihesabu: mi, mi, mi, mi.

Alasiri ile mbio zilikimbiwa, na kila mtu alimwona Mbuni akifika wa kwanza. Mbuni akasema kila mwenye kiu anywe. Mama Pimbi akawashusha wanawe. Kitinda mimba alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, kisha akalia, na mama yake akakaa chini juu ya jiwe, akamsikiliza alivyokuwa analia.

Siku chache baadaye Kasuku akaja jabalini. Alikuwa amekonda, maana hakuna tena wa kumpa njugu.

"Shoga, nasikia watoto wako wanaimba kuwa mama yao alimshinda Kiboko."

"Watoto hao."

"Ulimshinda au hukumshinda?"

Mama Pimbi akafikiri. Uongo haukuwa. "Nilimshinda," alisema.

"Kwenye nini?"

Mama Pimbi akatazama huku na huku. Akaingia ndani, akatoka na konzi ya kuyu zilizoiva. "Sema alimshinda tu," alisema. "Usiingie sana."

Mashindano ya nne yakafika. Wageni wakajaa, ngoma zikapigwa, Kasuku akapanda kichuguu akiwa amenenepa vizuri. "Sikilizeni rekodi. Mashindano ya Mbuga Zote, ya tatu. Mshindi: Pimbi."

Ngamia alikuwa anacheua, akaendelea kucheua. Mbuni, aliyekuwa ananyoosha miguu kando ya kiwanja, akasimama. Akaigeuza ile shingo yake ndefu, polepole, mpaka macho yake yakafika juu ya jabali.

Mama Pimbi akawa anaangalia mawingu.

Na funzo ni hili, wanangu. Rekodi haisemi uongo, mwenye nguvu mpishe, na mnyama mdogo asiulize maswali mbele za watu. Mkiyashika hayo mtaishi salama, na mtakunywa mnachoachiwa.

Mimi nimefika, ngano imefika, nani ametangulia msiniulize. Ikiwa tamu, lambeni pamoja. Ikiwa chungu, mnidai mimi, kama mtanikuta.